Majaruba ya Nyuma ya Jicho

Pan Landri alikuwa na hasira za kurithi, hasira za kazini na hasira za kujitungia mwenyewe, na pale Tegal Muncuk, kwenye majaruba ya mpunga yaliyopangana mlimani kama ngazi, upande wa juu wa mji wa Tabanan, hakuna aliyejisumbua kuzitofautisha. Jina lake la utotoni lilikuwa limeshasahaulika. Kwetu ukishazaa, jina lako linastaafu na wewe unabaki baba wa fulani. Yeye akawa Pan Landri, mkewe akawa Men Landri, na binti yao Landri akabeba familia nzima kwenye jina lake kama punda wa kukodi. Wenye midomo walisema binti huyo alizaliwa bila kulia kwa sababu baba yake alikuwa ameshamaliza kelele zote zilizogawiwa nyumba ile.

Alikuwa mkuu wa maji. Mto unashuka kutoka mlimani, unaingia mfereji mkuu, na kila mfereji unapogawanyika pamelazwa gogo lililochongwa mapengo: pengo pana kwa mwenye majaruba mengi, jembamba kwa mwenye kajaruba kamoja. Ukichokonoa pengo lako likaongezeka upana wa kidole, umemwibia jirani na umemwibia mungu wa kike wa ziwa la mlimani, mwenye maji yote, kwa pigo moja, na mkali kuliko hao wawili alikuwa Pan Landri. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, kilemba kimekaa upande, akatazama maji yanavyopita kwenye gogo, kisha akataja kwa jina aliyechomeka jiwe. Hakukosea. Baraza la wakulima lilimchagua kila uchaguzi, kwanza kwa sababu ya macho yake, na pili kwa sababu hakuna aliyetaka kumwona mtu yule akiwa mwanachama wa kawaida mwenye muda wa kutosha.

Kisukari chake kiligunduliwa kituo cha afya, zamani, Landri akiwa bado anavaa sare za shule. Akapewa vidonge na kuambiwa avimeze mpaka kufa. Yeye alivimeza mpaka alipojisikia vizuri, na kwa kuwa hakuwa amejisikia vibaya hata siku moja, tiba ile haikuchukua muda. Tumpe haki yake, aliacha sukari kwenye kahawa. Aliiacha hadharani, kwa hotuba. Akimwona mtu anakoroga kijiko cha pili anamsimamia kama askari wa barabarani.

Ila sasa kulikuwa na masazo ya miungu.

Sadaka ikishapelekwa hekaluni, ikaombewa na kunyunyiziwa maji matakatifu, inarudi nyumbani kuliwa: keki za mchele za rangi rangi, halua ya sukari ya mnazi, vitumbua vya ndizi, biskuti za dukani, minara mizima ya tamutamu. Na mahekalu ya kwetu ni mengi kuliko paka. Haipiti wiki bila hekalu fulani kuadhimisha kitu fulani. Pan Landri alikuwa na elimu yake juu ya jambo hilo. Miungu, alisema, hula kiini cha chakula. Hufyonza utamu wake, nguvu zake, roho yake. Kinachorudi nyumbani ni makapi tu, umbo lisilo na kitu. Kwa hiyo hata mgonjwa wa sukari anaweza kula kapu zima, maana sukari yenyewe imeshaliwa huko juu.

Kuhani wa hekalu la kijiji, mzee mpole mwenye meno machache, alijaribu kumwonya. "Pan Landri, mimi nimeonja keki kabla ya maombi na baada ya maombi. Utamu ni uleule."

"Umeonja kabla ya maombi?"

"Usinibadilishie mada."

Miaka ikapita hivyo. Mtu analala vizuri, anatembea vizuri, anafoka vizuri. Huo ugonjwa uko wapi?

Ulikuja asubuhi moja mwanzoni mwa kiangazi, maji yameanza kupungua na hasira kuongezeka kwa kipimo kilekile. Pan Landri alikuwa ameinama juu ya gogo kuu alipoona uzi mweusi ndani ya maji. Mrefu, umejikunja kama nywele, unaelea polepole kuelekea kushoto. Akautia mkono. Ukamponyoka. Akatazama pembeni, na huko nako ukawa umefika kabla yake.

"Mafuta," akasema. "Mafuta machafu ya kukaangia."

Hakuhitaji kuuliza yanatoka wapi. Juu ya mfereji, pale palipokuwa na majaruba ya marehemu mjomba wake, sasa kulikuwa na vila ya watalii yenye bwawa la kuogelea la rangi ambayo maji ya Mungu hayajawahi kuwa nayo. Aliichukia vila ile tangu ilipokuwa mchoro. Bwawa lilipojazwa, yeye aliona mpunga unanywewa maji yake na watu wasiojua hata kuupika. Na sasa, pamoja na kunywa, wanatema.

Akapanda mteremko na mundu wake, akiita watu kila jaruba alilopita. Wakamfuata, wengine kwa uchungu wa maji, wengine kwa uchungu wa kukosa la kufanya. Aliyekuja mbio kuliko wote ni Pan Kerug, mwenye majaruba ya mwisho kabisa kule chini mfereji unakoishia. Hawa wawili hawakupendana. Kiangazi kilichopita Pan Kerug alikamatwa ametoboa tuta kinyemela ili maji yaende kwake, na Pan Landri akamsomea makosa yake mbele ya baraza lote mpaka mama mkwe wa Kerug akaomba dua ya kusahau. Pan Kerug hangeikosa siku ya Pan Landri kugombana na mtu mwingine hata kama angepaswa kubebwa kwenye machela.

Meneja wa vila, Pak Hendarto, yaani Bwana Hendarto, mtu wa Jakarta mwenye viatu visivyofaa kwa tope, aliwapokea getini kwa tabasamu la wageni. "Karibuni, karibuni. Kuna tatizo?"

"Tatizo ni wewe," alisema Pan Landri. "Jiko lako linamwaga mafuta mfereji mkuu."

"Baba."

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya meneja. Landri alikuwa amesimama na aproni, mwiko mkononi. Ndiye aliyekuwa mpishi wa vila, jambo ambalo baba yake alilishughulikia kwa kutolizungumza.

"Jikoni ni mimi," alisema. "Mafuta machafu naweka kwenye madebe, yanachukuliwa. Unasema mimi namwaga?"

"Sijasema wewe. Nimesema jiko."

"Na jiko linajimwaga lenyewe?"

Wale waliokuwa nyuma wakaanza kufurahi. Pak Hendarto, ambaye alishasomea namna ya kushughulika na watu wenye mundu, akawaongoza wote mpaka bomba la kutolea maji linapoingia mferejini. Wakainama, wakatazama. Maji yalikuwa safi kama macho ya kuku.

"Hilo hapo," Pan Landri akaonyesha. "Uzi mweusi. Si unauona? Unakwenda kushoto. Sasa umerudi."

Wakainama zaidi.

"Jamani, ni mkubwa kama mkia wa panya. Kerug, hata wewe na wizi wako wote unauona."

Pan Kerug akatazama maji, akamtazama mkuu wake, akatazama maji tena. "Kaka mkuu, hebu tazama juu kidogo."

"Nitazame juu kufanya nini?"

"Tazama tu."

Pan Landri akainua uso. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, na uzi mweusi ulikuwa huko, umelala juu ya wingu, ukielea polepole kuelekea kushoto.

"Vila imefika mbali," alisema Pan Kerug. "Sasa inawamwagia mafuta malaika."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Pan Landri akageuka kwa binti yake ili amwone mtu asiyecheka, na uzi ukapita katikati ya uso wa Landri. Halafu ukagawanyika. Halafu, kana kwamba mtu amekung'uta sufuria lenye masizi, madoa meusi yakamiminika mbele ya kila kitu: uso, aproni, mwiko. Landri aliona baba yake amenyamaza, na kwa kuwa hajawahi kumwona amenyamaza, akaacha mwiko. Akamziba jicho la kushoto kwa kiganja. "Unaona nini?"

"Masizi."

Akaziba la kulia. "Na sasa?"

"Nakuona."

"Basi mafuta yako yamo ndani ya jicho la kulia, Baba. Panda pikipiki."

*

Hospitali ya macho ya mjini Denpasar ilikuwa na baridi ya mashine na foleni ya watu waliovaa miwani ya karatasi. Dokta Sulasmi alikuwa mwanamke mdogo kiasi kwamba Pan Landri alidhani ametumwa kumwita daktari. Alimtia matone ya kupanua mboni, akamwekea kidevu kwenye chuma, akamwangazia taa mpaka roho. Kisha akageuza kioo cha kompyuta. Juu yake kulikuwa na duara la rangi ya chungwa, lenye mistari myekundu inayogawanyika, na mistari ikigawanyika tena.

"Hili ni jicho lako la kushoto, Pak. Bado linaona. La kulia limejaa damu, halipigiki picha."

"Damu? Mimi sikupigwa na mtu."

"Hukupigwa. Nyuma ya jicho kuna pazia jembamba, ndilo linaloona. Linalishwa na mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu kwenye damu, mwaka baada ya mwaka, inaharibu kuta za mishipa hiyo. Ukuta unalegea, unatoa vivimbe kama malengelenge, unavuja. Haya madoa ya njano ni mafuta yaliyovuja. Hivi vyekundu ni damu. Na hapa," akaweka ncha ya kalamu pembezoni mwa duara, "mishipa imeziba kabisa. Haipitishi kitu. Sehemu yote hii ina njaa."

"Siumwi jicho."

"Haliumi. Ndiyo ubaya wake. Lakini pazia likiwa na njaa halikai kimya, linaita damu, na mwili unalisikia. Unaotesha mishipa mipya."

"Si vizuri basi, mipya?"

"Mipya lakini mibovu. Imeota haraka haraka, ukuta wake si ukuta, na imeota mahali isipotakiwa. Siku yoyote inapasuka. Umeinama, umekohoa, au umelala tu. Ule uzi mweusi uliouona kwenye maji ni damu yako mwenyewe, inaelea ndani ya jicho la kulia. Hilo tutalisubiri damu itulie, pengine litahitaji upasuaji. Sitakudanganya, sijui litarudi kiasi gani. La kushoto nalo limeshaotesha mishipa hiyo. Haijapasuka bado."

Landri, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wa baba yake, akauliza, "Na la kushoto linafanywaje?"

"Nitalichoma. Kwa mwanga wa leza, pembezoni mwa pazia, kwenye sehemu zenye njaa. Zikichomwa haziiti tena damu, na mishipa mibovu inanyauka. Katikati, pa kuonea uso wa mtu, sigusi. Utapungukiwa kuona kwa pembeni, na gizani utasumbuka. Lakini utaona. Na uanze dawa zako leo, Pak, za sukari na za presha, maana nayo iko juu, la sivyo tutakuwa tunazima moto huku wewe unaongeza kuni."

Pan Landri alisimama taratibu, kama mfalme wa kwenye tamthilia anayejiandaa kumlaani mtu. "Nimekuja na macho mawili. Moja limeharibika. Na wewe unataka kuanza kwa kuunguza lile lililobaki zima."

"Si zima. Halijakuambia tu."

"Mwanangu," alisema, akitumia neno hilo kama kofi, "hata mwizi wa kuku huiba kuku mgonjwa kwanza."

Akatoka. Hakujua mboni zake bado zimepanuka kama mdomo wa kinu. Jua la saa sita lilimpokea nje kwa makofi mawili, akamsalimia mti kwa heshima zote, akamtukana mwenye pikipiki ambaye kumbe alikuwa sanamu ya mlango, na Landri alipomfikia, alikuwa amekaa kwenye kibanda cha wali, kilemba kimevutwa mpaka puani, akiwafokea wateja kwa kung'aa.

Landri alikaa mbele yake. Hakuagiza chakula.

"Ulipewa vidonge nikiwa naandika kwa penseli," alisema.

"Usinianzie."

"Naanza. Nimeona ukimpigia kelele kila mtu anayevujisha maji. Umemfanya Pan Kerug alie. Umekuja kazini kwangu na mundu. Mwili wako unavuja tangu niko shule na hukuwahi kuutazama hata siku moja. Ulikuwa unakula keki za hekalu na kutuhutubia kwamba miungu imeondoa sukari. Mama alikuwa akijua ni uongo. Mimi nilijua. Mbwa alijua, alikuwa ananenepa kwa makombo."

"Miungu ..."

"Miungu haina kisukari, Baba. Wewe ndiye unacho."

Mwenye kibanda alileta chai ya moto ambayo hakuna aliyeiagiza, akaondoka upesi.

"Sichomwi," alisema Pan Landri.

"Basi nitakuongoza kwa fimbo," alisema Landri. "Lakini jua nitakuwa na hasira kila hatua. Nimezirithi."

*

Men Landri hakusema neno nyumbani. Alilisema lote, pamoja na mishipa, malengelenge na mti uliosalimiwa, kwa wanawake aliokuwa akisuka nao vikapu vya sadaka kwa makuti mabichi, na mpaka makuti yalipoisha kijiji kizima kilikuwa kinajua nyuma ya jicho la mkuu wa maji kuna nini, kuliko mkuu mwenyewe.

Yeye alirudi mferejini kila asubuhi. Hakuwaambia watu anachofanya huko. Alikuwa akisimama mbele ya gogo kuu, anaziba jicho la kushoto, na kubaki na la kulia peke yake. Masizi yalikuwa yametanda yakawa ukungu wa kahawia. Alisikia maji. Hakuyaona. Hakujua kama yanapita pengo hili au lile, mengi au kidogo, ya haki au ya wizi. Akifungua jicho la kushoto, maji yanarudi, yanang'aa, kila tone limenyooka. Halafu anafoka. Analifokea gogo, anawafokea bata wa watu, anamfokea dokta aliye mbali. Hasira ilimsaidia. Ukiwa unafoka huna nafasi ya kuogopa.

Kiangazi kikakaza. Mto ukawa mwembamba kama maziwa ya mbuzi mzee, na baraza likaitishwa barazani, mikeka imetandikwa, kahawa imeshuka. Pan Landri alisimama na uamuzi wake, na alipokuwa akizungumzia maji hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

"Mwaka jana tulifanya ujinga," alisema. "Maji yalikuwa machache, tukaona huruma, tukampa kila mtu kidogo. Majaruba ya mwisho kule chini yakapata matone. Hayakufa, hayakupona. Yakakaa na njaa. Na jaruba lenye njaa linamfanya mwenyewe mwizi. Mtu akaanza kutoboa tuta. Sitamtaja."

"Umenitaja mwaka mzima," alisema Pan Kerug.

"Akachimba kamfereji kake ka haraka haraka, pasipo na jiwe wala ubao, mahali pasipo pake. Kakabomoka. Maji yakamwagika yakafunika mpunga wa watu wa katikati, waliokuwa hawana kosa lolote. Tukapoteza pembeni na tukapoteza katikati. Mwaka huu, hapana. Majaruba yote ya mwisho yanapumzishwa. Tunayafungia maji kabisa, wenyewe wapande kunde, na baada ya mavuno watu wa katikati watawagawia mpunga. Likishakauka rasmi halina njaa tena. Halimtumi mtu kutoboa kitu. Na katikati panapona."

Alikuwa amesema vizuri, na alijua. Akakaa, akasubiri vichwa vikubali. Vichwa havikukubali. Vilikuwa vinamtazama kwa namna ya ajabu. Kuhani alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mtu mmoja nyuma alikohoa, kikohozi chenye kicheko ndani.

Pan Kerug akainuka. Alikuwa amekasirika kweli; huyu ndiye aliyefungiwa maji. "Nina swali, kaka mkuu."

"Uliza."

"Huo uamuzi umeutoa kwa nani?"

"Nimeutoa kichwani mwangu. Na kabla yangu kwa baba zetu."

"Si kwa Dokta Sulasmi?"

Kuhani akaanza kukagua mkeka.

"Maana mke wangu amenielezea jicho lako," Pan Kerug akaendelea, "na mimi namsikiliza mke wangu, si kama watu wengine. Huko nyuma kuna mifereji. Umeijaza sukari mpaka kingo zimeoza. Mingine imeziba. Majaruba ya pembeni yana njaa, na yameanza kujichimbia vifereji vya wizi. Kimoja kimeshabomoka, ndiyo hayo masizi yako. Sasa dokta anataka kuyapumzisha ya pembeni ili katikati pasalimike, na wewe umemwita mwizi wa kuku." Akageukia baraza. "Mtu huyu anapumzisha majaruba yangu. Mimi nina watoto wanakula kutoka pale. Nilie, nikubali, nipande kunde. Na ya kwake hataki yaguswe. Nyani haoni kundule."

"Hilo ni jicho," Pan Landri alisema. "Si shamba."

"Ni jicho la mkuu wetu wa maji. Likifa hilo, nani atanikamata nikiiba?"

Watu walicheka, lakini Pan Kerug hakucheka, na Pan Landri aliona hilo kwa jicho lake la kushoto, waziwazi, mpaka mikunjo ya kwenye paji la uso. Alikuwa na matusi ya kutosha mabaraza matatu, yote yamepangwa kwa ukubwa. Hakuna lililotosha. Alichukia kushindwa, alichukia zaidi kushindwa na mtu wa majaruba ya mwisho, na alichukia kuliko vyote kwamba alikuwa ameshindwa kwa maneno yake mwenyewe, yaliyonyooka, ambayo angeyatetea mbele ya mfalme.

"Sifungi mfereji wangu," alisema Pan Kerug, "mpaka wewe ufunge wa kwako. Siku ukichomwa, siku hiyohiyo mimi nafunga. Baraza ni shahidi."

"Baraza halipigii kura jicho la mtu."

"Wanaokubali?" aliuliza kuhani, ambaye hakuwa na mamlaka yoyote ya kuuliza.

Mikono ikapanda yote. Hata ule wa mtu aliyekuwa amesinzia.

*

Alikwenda akiwa amenuna kama paka aliyeoshwa. Njia nzima nyuma ya pikipiki alimweleza Landri kwamba haendi kwa sababu ya Pan Kerug. Anakwenda kwa sababu maji ya kijiji hayawezi kusubiri ujinga wa mtu mmoja. Landri akauliza ni ujinga wa mtu yupi. Akaambiwa atazame barabara.

Dokta Sulasmi hakumkumbusha kuku. Alimtia matone, akamkalisha, akambandika kioo kidogo juu ya jicho la kushoto. "Tazama mbele. Usisogee. Unaweza kukasirika, lakini kasirika bila kusogea."

Mwanga ulikuwa wa kijani, mkali, ukipiga kidogo kidogo kama mtu anayechoma sindano kwenye kitambaa. Mwingine haukuuma. Mwingine uliuma mpaka kwenye jino. Pan Landri alishika vyuma vya kiti na kuanza kutukana moyoni, na kwa mara ya kwanza maishani alijikuta hajui amtukane nani. Dokta alikuwa anafanya kazi yake. Meneja wa vila hakuwa amemwaga kitu. Pan Kerug alikuwa sahihi, Mungu amlaani. Akapitia majina yote aliyonayo, akafika kwa mtu mmoja mwenye kilemba upande, anayekula keki ya zambarau mlangoni kwake na kumhutubia mbwa habari za kiini cha chakula. Mwanga ukapiga. Huyo alistahili kila tusi, na akapewa.

Ilipokwisha, kila kitu kilikuwa cha rangi ya waridi na giza. Dokta alimwambia hilo litaondoka, kwamba itabidi arudi tena, kwamba la kushoto wameliwahi. Akaongeza, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, kwamba la kulia asilitegemee sana.

"Ningekuja lini ili nilitegemee?"

Dokta alifikiri. Angeweza kusema la kufariji. "Ulipopewa vidonge," alisema. "Kila mwaka, jicho lipigwe picha, hata kama haliumi."

Pan Landri alitikisa kichwa kwamba amesikia. Nje, kwenye benchi la ukumbini, alimwambia Landri atafute namba kwenye simu, maana yeye alikuwa haoni vitufe.

"Namba ya nani?"

"Ya mwizi."

Simu ikalia muda mrefu. Halafu ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya Pan Kerug yalisikika maji, yakishuka kwenye jaruba, kwa raha.

"Kaka mkuu. Umechomwa?"

"Nimechomwa."

"Kweli? Au umesimama getini?"

"Nimpe dokta simu?" Landri alinong'ona. Baba yake akampungia mkono wa hasira, akakosa, akapiga ukuta.

"Nimechomwa pembeni zote," Pan Landri alisema. "Nikigeuka nitagonga watu. Usiku nitatumbukia mferejini na wewe utafurahi. Lakini nitaona gogo. Nitaona pengo lako, na kidole chako kikiwa ndani yake. Sasa funga."

"Sasa hivi? Ninakula."

"Sasa hivi, Kerug."

Ilisikika sahani ikiwekwa chini. Ilisikika miguu kwenye tope, na mtu akiguna, akijaza jembe udongo, akiushindilia kwa nyayo, na kulalamika peke yake kuhusu kunde. Pan Landri alisikiliza mpaka mwisho, macho mekundu yameelekezwa ukutani, simu imebanwa sikioni. Maji yakapungua. Yakawa matone. Yakanyamaza.

"Tayari," alisema Pan Kerug. "Umeridhika?"

"Hapana," alisema Pan Landri. "Umefunga vibaya, nasikia panavuja. Rudia."